Gereza Kwanza, Karakana Baadaye

Jengo la serikali lililoipa Lokitaung, mji wa Turkana, jina katika historia ya Kenya ni gereza. Baada ya kesi ya Kapenguria, mwaka 1953, waliletwa huku Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Fred Kubai na Kung'u Karumba. Kenyatta alikuwa mpishi wa wafungwa, na Waruhiu Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, alifunzwa naye Kiingereza humo humo. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali, na mkoloni hakumuuliza mwenyeji ajenge nini.

Uhuru ulipokuja, swali likawa pesa zielekee wapi. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulijibu bila kuficha: zielekee kwenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili faida yake iwafikie wengine baadaye. Turkana haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Mwaka uliofuata, ripoti ya baraza la makanisa iliuliza vijana wanaomaliza shule ya msingi waende wapi. Hapo ndipo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, na mapema miaka ya 1970 serikali ikaviunga mkono. Sharti lilikuwa wenyeji watangulie: waunde kamati, watoe kiwanja, wachange harambee, kisha serikali ifuate na ruzuku. Kwa mkulima wa kahawa hilo liliwezekana. Kwa mfugaji ambaye mali yake ni mbuzi, naye yuko malishoni miezi kadhaa, mchango huo ungetoka wapi? Naona sharti hilo liliwaumiza watu wa kaskazini kuliko waraka wenyewe, kwa sababu lilionekana la haki.

Pengo likajazwa na wamisionari na wafadhili. Huko Kakuma, baada ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa 1992, Wasalesio wa Don Bosco walifundisha ufundi. Wafadhili nao walikuwa na makosa yao: kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa pesa za Norway, kilibaki bila kazi maji ya ziwa yalipoikimbia Ghuba ya Ferguson.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na tangu 2013 kalamu ya kuidhinisha iko Lodwar, makao makuu ya kaunti. Mradi wa karakana huanzia kwenye mpango wa miaka mitano, huingia kwenye mpango wa mwaka unaopaswa kufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, hupitia vikao vya wananchi, kisha bajeti. Ardhi ni ya jamii, kwa hiyo wazee lazima wakubali. Halafu maafisa wa ujenzi huandaa makadirio, na hapo ndipo umbali huonekana: saruji, nondo na mabati husafirishwa kutoka kusini, na maji ya kukorogea zege huenda yakaletwa na lori. Chumba kile kile hugharimu zaidi Lokitaung kuliko Kitale.

Paa likishaezekwa bado kuna mamlaka ya mafunzo ya ufundi, iliyoundwa kwa sheria ya 2013, ambayo hukagua vifaa na wakufunzi kabla ya kutoa leseni. Mashine za kuchomelea na mishahara ya wakufunzi ni mafungu mengine ya bajeti, yanayosubiri kura nyingine ya wawakilishi wadi.