Barabara ya Saadani: Pwani Inarudishiwa Njia Yake

Ukisimama Mbegani, penye chuo cha uvuvi, ukatazama kaskazini, utaona ghuba, mikoko na majahazi ya Bagamoyo. Mbele kidogo ya hapo kuna Saadani. Kwa jahazi si mbali. Kwa gari, hapo ndipo shughuli inapoanza: kwa miaka mingi aliyetoka Dar es Salaam kwenda Saadani ilimbidi aiache bahari, azunguke kwa Chalinze au Msata, afike Mandera, ndipo akate kulia kwenye vumbi, arudi tena baharini. Mto Wami ulikuwa umefunga mlango.

Sasa inajengwa barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Makurunge, Bagamoyo. Ni kipande cha barabara kuu ya pwani inayoungana na Malindi, Kenya, ambayo Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinishia fedha Desemba 2019. Pangani, mahali tulipozoea kungoja pantoni, linajengwa daraja la zaidi ya mita 500. Wengi wanaiita barabara ya utalii. Mimi nasema ni deni la zamani.

Karne ya 19 Saadani haikuwa kichochoro. Ilikuwa bandari iliyoshindana na Bagamoyo kwa pembe za ndovu na misafara ya bara. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price aliichagua Saadani kujaribu njia ya magari ya ng'ombe hadi Mpwapwa, akitumaini kuachana na wapagazi. Jaribio la kwanza lilimpa moyo. Mwaka uliofuata msafara wenyewe ulipoanza, ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Mzigo ukarudi kichwani kwa Mnyamwezi.

Halafu wakaja Wajerumani. Mwaka 1888 kampuni yao ilipotaka kushika forodha za pwani, Abushiri bin Salim aliinuka Pangani, na Bwana Heri bin Juma akashika Saadani. Manowari ziliupiga mji mizinga mwaka 1889. Lakini Bwana Heri hakuwa mtu wa ufukweni tu. Alikuwa na Wazigua nyuma yake na njia za bara alizozijua. Akarudi nyuma, akajenga boma Mlembule, akapigana. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri alisalimu amri mwaka 1890, tena baada ya kuwatoa jasho.

Kilichoimaliza pwani hii hasa hakikuwa mizinga. Ni njia kuhama. Mwaka 1891 makao makuu ya utawala yalihamia Dar es Salaam, na mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka hukohuko. Bagamoyo ikabaki na majumba yake, Pangani na mto wake, Saadani na chumvi yake. Mji wa njia ukinyang'anywa njia, unabaki na hadithi.

Lakini usahaulifu nao una faida zake. Kwa sababu watu walipungua, wanyama walibaki. Saadani ikawa pori la akiba miaka ya 1960, na mwaka 2005 ikatangazwa hifadhi ya taifa, takribani kilomita za mraba 1,100, mahali ambapo tembo na twiga wanakutana na Bahari ya Hindi, na kasa wa kijani wanapanda kutaga mayai Madete.

Hapo ndipo penye kazi. Lami italeta wageni, bei nzuri ya samaki, na mama mjamzito atafika hospitali kabla hajachelewa. Italeta pia mwendo kasi, wanyama waliogongwa, na wanunuzi wa viwanja wenye haraka. Na wapo wakazi, kama wa Uvinje, waliokuwa na mgogoro wa mpaka na hifadhi kwa miaka mingi. Kwao swali si wageni wangapi watakuja. Ni kama wenyewe watakuwa bado wapo kuwapokea.

Mara ya kwanza njia ya Saadani ilibeba pembe, na watu waliouzwa. Faida ikaenda Unguja, Bombay na Ulaya, mpagazi akabaki na kovu la bega. Safari hii basi tusihesabu kilomita peke yake. Tuhesabu na wanaoshuka kituoni, na wanaobaki pembeni wakila vumbi la wenzao, hata kama ni vumbi la lami.