Meza ya fundi nyumbani: kuzifufua mita na osiloskopu za zamani katika hewa ya Unguja

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe bado zina redio ya mzee. Imekaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, haijawashwa miaka na miaka, na hakuna anayethubutu kuitupa. Pengine ni ile ile iliyopokea matangazo ya Sauti ya Unguja yalipoanza mwaka 1951. Kijana wa nyumba akisoma kidogo mambo ya umeme, siku moja ataishusha na kutaka kuitengeneza. Hapo ndipo haja ya meza ya fundi inapoanza, na hapo ndipo hatari inapoanza pia, kwa sababu redio ya taa za kioo ina volti mia mbili na zaidi ndani yake, na baadhi ya redio hizo zina umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye bati lililobeba vifaa vyake.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kupanga meza hiyo nyumbani kwa kutumia vyombo vya kupimia vya zamani, yaani mita za mshale na osiloskopu za kioo kizito. Tumechagua vya zamani kwa sababu mbili. Vinapatikana kwa bei ndogo, katika mitumba ya vyombo inayoshuka bandarini na kwenye maduka ya Dar es Salaam upande wa Kariakoo. Pia vilitengenezwa ili vifunguliwe. Ukitoa skrubu nne unaona kila rezista, na kila moja inaweza kubadilishwa kwa mkono.

Kupima umeme si jambo geni kisiwani. Mwaka 1879 waya wa telegrafu wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar, na kazi ya kuutunza waya kama ule ilikuwa kupima kuliko kitu kingine chochote. Waya ukiharibika baharini, fundi alikaa nchi kavu akapima ukinzani, akagawa kwa ukinzani unaojulikana wa kila maili, akajua meli iende umbali gani kuutafuta. Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayomsaidia fundi wa leo kutafuta hitilafu bila kubahatisha.

Umeme wa chumba kwanza

Kabla ya kununua mita, angalia soketi. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, lakini nyumba za mawe zimeunganishwa waya katika vipindi tofauti na mafundi tofauti, na ziko ambazo waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi, upo kwenye soketi lakini haufiki popote. Soketi ya matundu matatu haithibitishi kitu. Ukipima kati ya waya wa moto na ethi ukapata karibu sawa na kati ya moto na nyutro, umejua kuwa njia ipo. Bado hujajua kama njia hiyo inaweza kubeba mkondo mkubwa siku ya ajali. Kazi hiyo mwachie fundi umeme mwenye leseni na kipimo chake, na ukiwa naye hapo hapo, mwombe aweke swichi ya kujikata inayokata kwa miliampea 30. Ni gharama ya kwanza kwenye meza hii, na kwa maoni yetu ndiyo pekee isiyofaa kuahirishwa.

Ya pili ni kipimo cha volti kinachokaa mezani muda wote. Wenyeji wanakumbuka umeme ulivyokatika Unguja kuanzia Mei 21, 2008 hadi katikati ya Juni, na tena kuanzia Disemba 10, 2009 hadi Machi 2010, pale waya wa baharini kutoka Tanzania Bara ulipopata hitilafu. Mitaa ilinguruma kwa majenereta. Jenereta dogo likibebeshwa mzigo au kupunguziwa ghafla, volti hupanda na kushuka, na chombo kilichotengenezwa mwaka 1970 hakina ulinzi wa kisasa dhidi ya hali hiyo. Hata leo, umeme ukirudi baada ya kukatika, ngoja dakika chache uone sindano imetulia ndipo uwashe.

Angalia pia kibao cha nyuma cha kila chombo. Kilichotoka Japani huenda kinataka volti 100, cha Marekani 115 au 120. Vingi vina kidude cha kugeuza, lakini ukikigeuza usisahau fyuzi. Chombo kinapohamishwa kutoka volti 115 kwenda 230, fyuzi yake huwa nusu ya ile ya awali.

Meza yenyewe iwe ya mbao, isiyo na fremu ya chuma, na isimame mbali kidogo na ukuta. Kuta za mawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa, na chombo kilichogusana nazo hupata kutu upande mmoja. Juu kuna boriti, na boriti hudondosha vumbi. Kanga kuukuu ya kufunikia osiloskopu isiyo na kazi inatosha, mradi uitoe kabla ya kuwasha. Sakafuni weka mpira, na ufanye kazi umevaa malapa makavu. Sakafu ya chokaa yenye unyevu na miguu mitupu ni njia nzuri sana ya umeme.

Mita ya mshale

Chombo tunachokipendekeza kuliko vyote ni mita ya mshale. Mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua zaidi Sanwa ya Japani, nyepesi na ya kuaminika. Iliyo maarufu kuliko zote katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza ni AVO, ambayo jina lake ni herufi za ampea, volti na omu. Ilianza mwaka 1923, na muundo wake wa Model 8 ulitengenezwa kuanzia mwaka 1951 hadi 2008. Ni boksi jeusi zito lenye visu viwili vya kuzungusha, kimoja cha umeme mnyoofu na kimoja cha umeme geu. Visu visipokubaliana, mshale hausogei, na wengi wameitupa AVO nzima kwa kudhani imekufa. Kuna pia kitufe kinachoruka juu mita inapozidiwa. Kibonyeze kirudi kabla hujailaumu. Ilazwe chali mezani, maana ndivyo ilivyopimwa kiwandani.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini mshale wakati mita ya namba ni rahisi zaidi? Jibu limo katika ukinzani wa mita yenyewe. AVO 8 ina omu 20,000 kwa kila volti ya kipimo. Ukiiweka kwenye volti 10, inakuwa kama rezista ya kiloomu 200 uliyoibandika kwenye saketi. Chukua betri ya volti 9, unganisha rezista mbili za kiloomu 220 kwa mfululizo, upime katikati. Hesabu inasema 4.5. Mita ya namba yenye megaomu 10 itakupa takriban 4.45. AVO itakupa takriban 2.9. Haikukosea. Imeivuta saketi chini, na imekuonyesha kilichobaki baada ya kuvutwa.

Hilo linaonekana kuwa kasoro, mpaka uchukue karatasi ya ufundi ya redio ya miaka ya 1950. Volti nyingi zilizoandikwa pale zilipimwa kwa mita ya aina hii. Ukipima kwa mita ya namba utaona volti kubwa kuliko zilizoandikwa na utaanza kubadilisha vifaa vizima. Jambo jingine: katika nyumba zenye waya zilizolala pamoja urefu mrefu, mita ya namba huonyesha volti 60 au 90 kwenye waya uliokatwa kabisa, kivuli tu cha waya jirani. Mita ya mshale inakimeza kivuli hicho na kusoma karibu na sifuri.

Tahadhari moja ambayo huwachanganya wanafunzi: mita nyingi za mshale zikiwekwa kwenye omu, waya mweusi ndio hutoa chanya ya betri ya ndani, na mwekundu hasi. Ukipima daiodi utaona imegeuka. Haikugeuka.

AVO 8 nyingi zinatumia betri mbili, moja ya volti 1.5 na nyingine ya volti 15 ambayo dukani haionekani. Vidonge vitano vya CR2032 vya volti 3 vikipangwa kwa mfululizo vinaleta 15 hizo hizo. Ukiihifadhi muda mrefu, toa betri. Tumeona mita nzuri zilizoliwa na maji ya betri kuliko zilizoharibiwa na kazi.

Kuamsha chombo kilicholala

Kosa la kawaida ni kukichomeka chombo ukutani ili kuona kama kinawaka. Kapasita za elektrolaiti zilizokaa miaka bila umeme hupoteza utando wake wa ndani, na zikipewa volti zote kwa mara moja huchemka na kupasuka. Tengeneza balbu ya mfululizo: soketi ya meza ambayo waya wake wa moto unapita kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100. Iwe ya nyuzi kweli, LED haifai hapa. Chombo kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na shoti inaishia hapo. Kikiwa kizima, balbu hung’aa kidogo kapasita zinapojaa kisha hufifia. Ikibaki inang’aa, zima utafute sababu.

Kabla hata ya hapo, fungua utafute kapasita zenye ganda la manjano linaloangaza, zilizowekwa pale umeme unapoingia. Mara nyingi ni za RIFA. Ganda lake hupata nyufa, unyevu huingia, na siku moja chumba hujaa moshi wenye harufu kali. Katika hewa ya Unguja hatuoni sababu ya kuzisubiri. Zitoe, weka mpya zenye alama ya X2, na zile zinazokwenda kwenye ethi ziwe Y2.

Balbu ya mfululizo inapunguza mkondo lakini haimtenganishi mtu na umeme wa ukutani. Hilo linatupeleka kwenye sehemu inayoua.

Osiloskopu na bati lenye umeme

Osiloskopu ya zamani, iwe Hameg ya Ujerumani au Tektronix 465 ya Marekani, inakuonyesha umbo la umeme ambalo mita hailioni: mlio unaokatwa kichwa, mngurumo wa mizunguko 100 kutoka kapasita iliyochoka. Mbele ina kipini kinachotoa mawimbi ya mraba ya mizunguko elfu moja. Chomeka waya wa kupimia hapo kwanza, na urekebishe skrubu yake mpaka pembe za mraba zinyooke. Usiingize mkono ndani yake hata ikiwa imezimwa. Kioo chake kinabaki na maelfu ya volti.

Klipu nyeusi ya waya wa kupimia imeungana na ganda la osiloskopu, na ganda limeungana na ethi ya ukutani. Sasa rudi kwenye redio ya mzee. Redio nyingi za kale hazikuwa na transfoma. Upande mmoja wa umeme uliingia moja kwa moja kwenye bati, na kama plagi ya pini mbili imechomekwa kinyume, bati lote lina volti 230. Ukibana klipu pale, umeunganisha moto na ethi kupitia kifaa chako. Wapo wanaolikwepa tatizo kwa kukata pini ya ethi ya osiloskopu. Tunasema wazi: usifanye. Osiloskopu yenyewe sasa ndiyo itakayobeba volti 230 kwenye kila kisu unachokishika.

Njia sahihi ni transfoma ya kutenganisha, inayopokea 230 na kutoa 230 bila waya kuungana. Mpya ni ghali. Transfoma mbili zinazofanana, kwa mfano za 230 kwenda 24, zikiunganishwa pande zao ndogo kwa ndogo, zinafanya kazi hiyo kwa redio, ingawa volti zitapungua kiasi. Kinachochomekwa kwenye transfoma ni redio, si osiloskopu. Na kumbuka kuwa nyuma ya transfoma hiyo swichi ya kujikata haioni tena mshtuko wako. Mkono mmoja ukae mfukoni, na kuwe na mtu mzima nyumbani anayejua swichi kuu iko wapi.

Unyevu, chumvi na mijusi

Masika yakianza mwezi Machi, visu vya vyombo huanza kukwaruza. Zungusha kila kisu mara ishirini, kisha tumia dawa ya kusafishia viunganishi, si mafuta ya kulainishia bawaba. Rezista za kale za kaboni hunyonya unyevu na kupanda thamani, ya kiloomu 100 ikawa 130. Pima zote zinazohusu kipimo, na badilisha kwa za asilimia moja. Mita ihifadhiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko mkali pamoja na vifuko vya silika. Kwa kabati la osiloskopu, balbu ndogo ya nyuzi ya wati 15 iliyowekwa chini mbali na kitambaa, na kabati likiwa na matundu ya hewa, inatosha kuondoa ukungu. Wavu mwembamba kwenye matundu ya chombo utawazuia sisimizi na mijusi kafiri, ambao hupenda joto la transfoma na huishia juu ya volti nyingi.

Ukienda kununua, beba betri mpya ya volti 1.5, rezista moja ya asilimia moja na kipande cha waya. Betri mpya isomeke kati ya 1.5 na 1.65. Gusanisha waya mbili za mita kwenye omu, na mshale ufike sifuri kwa kurekebishwa. Kisha inamisha mita taratibu huku na huku. Mshale ukikwama mahali pamoja kila mara, kuna uchafu au kutu kwenye sumaku, na bei ishuke. Osiloskopu ambayo muuzaji hataki kuiwasha mbele yako ihesabu kuwa mbovu, ulipe bei ya vipuri.