Haki ya Mwenye Namba

Mkataba, kwa desturi, ni maagano ya watu wawili waliokabiliana. Mmoja hutaja sharti lake na mwenziwe hutaja la kwake. Wakiafikiana hutia sahihi. Mteja wa simu ya waya alikaribia desturi hiyo: alijaza fomu, akafungiwa simu nyumbani, na kila mwezi akaletewa hesabu ya deni lake. Simu ya mkononi ilipoingia Tanzania mwaka 1994, kwa kampuni ya Mobitel, na baadaye Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, desturi ile ilififia. Ilikuja vocha ya kukwangua, iliyouzwa dukani pamoja na chumvi na kiberiti. Mnunuzi hakutia sahihi wala hakusoma neno. Alikwangua, akaingiza tarakimu, na tendo hilo likahesabiwa kuwa ndiko kukubali kwake. Masharti yaliyoandikwa na upande mmoja yakaufunga upande wa pili.

Fikra ya kumlinda mnunuzi ilikuwapo kabla ya simu hiyo. Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: usalama, kujulishwa, kuchagua na kusikilizwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kuwalinda walaji. Tatu katika haki hizo nne zagusa moja kwa moja mkataba wa simu.

Haki ya kusikilizwa ilipata nyumba kwa sheria ya mwaka 2003 iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na pamoja nayo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Mwenye lalamiko huanza kwa kampuni yake. Asiporidhika huliendea shauri kwa Mamlaka, na rufani husikilizwa na Baraza la Ushindani. Hatua hizo ni njema, lakini ni ndefu kwa mtu aliyepotelewa na shilingi mia tano. Aghalabu hasara ya mnyonge ni ndogo kuliko nauli ya kuidai.

Kwa hiyo haki iliyomfaa zaidi ni ya kuchagua, yaani uwezo wa kuondoka. Hapo ndipo palipokuwa na kizuizi. Kwa sheria, namba za simu si mali ya mteja. Hugawiwa kampuni, nazo humpa mteja azitumie. Lakini katika maisha namba iligeuka kuwa jina la pili la mtu. Fundi seremala aliipaka rangi mlangoni pa karakana yake. Mama ntilie aliwaachia wateja wake. Jamaa wa shamba waliijua kwa moyo. Kuhama kampuni kulikuwa kupotea machoni pa hao wote. Kampuni haikuwa na haja ya kumfunga mteja kwa mkataba wa miaka, maadamu namba yenyewe ilikuwa kamba tosha. Watu wengi walijiokoa kwa kubeba laini mbili au tatu, pia kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali.

Kenya ilitangulia kuikata kamba hiyo: tangu Aprili 2011 mteja aliweza kuhama na namba yake. Tanzania ilifuata tarehe 1 Machi 2017. Lakini hapana mtu awezaye kuhama na kitu asichoweza kuthibitisha kuwa ni chake. Usajili wa laini, ulioanza mwaka 2009 na kurudiwa kwa alama za vidole mwaka 2019, uliwachosha wengi kwa foleni. Hata hivyo uliandika kwa mara ya kwanza nani ni mwenye namba gani. Amri iliyoonekana mzigo ikawa shahidi wa haki.

Ilibaki haki ya kujulishwa, na mtihani wake ulikuwa vifurushi. Mwaka 2021 Mamlaka iliweka kanuni, miongoni mwake kwamba mteja aarifiwe matumizi yake yafikapo asilimia 75 na tena yafikapo asilimia 100. Zilipoanza, tarehe 2 Aprili, bei mpya zilipanda. Watu walipiga kelele, na Serikali ikaagiza bei za awali zirudi. Kumbe mtu aweza kujulishwa sawasawa na bado akaumia.

Historia hii fupi yaonyesha kwamba mteja wa vocha hakuwahi kuitwa mezani masharti yalipoandikwa. Sheria ilikaa katika kiti chake kilichokuwa kitupu, ikamsemea. Lakini msemaji hamfai asiyejua kuwa anasemewa: haki ya kuhama ikiwa kitabuni tu, na mwenye namba haijui, kampuni haina sababu ya kumwogopa.