Maji ya Chini ya Mchanga na Sheria Zake



Yatupasa kukumbushana habari ya visima vyetu, maana asiyejua asili ya haki yake hawezi kuilinda.

Nchi yetu hupata mvua mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kisha mito hukauka. Hata hivyo maji hayapotei yote. Mengine husalia chini ya mchanga, ambako jua haliyafikii. Ndiyo sababu wazee wetu walichimba visima, tuviitavyo ithima, katika mito kama Kaiti na Tiva, wakavizungushia miiba ili mifugo isiyachafue maji ya kunywa.

Sheria ya mwaka 1951 iliyaweka maji yote, ya juu ya ardhi na ya chini yake, katika milki ya Mfalme wa Uingereza. Baada ya Uhuru wa 1963 milki hiyo ikawa ya Serikali yetu. Sheria ya 2016 yasema kwamba Serikali ya taifa huyashika maji kama amana ya wananchi. Atekaye kwa mtungi kwa matumizi ya nyumbani, pasipo mtambo wowote, hahitaji kibali. Bali atakaye kisima cha mashine sharti akiombe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Wako wanaonung'unikia kibali hicho. Lakini visima virefu viwili vilivyokaribiana huweza kunyonya maji yale yale, hata vyote vikapungua. Tena maji ya chini sana huku kwetu mara nyingi huwa na chumvi.

Kwa hiyo mchanga ndio ghala letu. Huko Kitui, tangu 1995, shirika la SASOL pamoja na wanavijiji limejenga mamia ya kuta juu ya miamba ya mito, nazo huzuia mchanga na maji ndani yake. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga. Lori liondokalo na mchanga wa mto huondoka na maji yetu ya mwezi wa Septemba.

Basi twawasihi: kila kisima kilichochimbwa kwa mwethya kiwe na daftari lake, kibali kihifadhiwe pamoja nalo, na vijana waonyeshwe vyote viwili wangali na wazee wa kuwaeleza.