Kipimo cha neva na misuli: kusoma majibu bila kutawaliwa na hofu

Kipimo hiki kinaitwa elektromiogramu, kwa kifupi EMG. Huchunguza neva, yaani mishipa ya fahamu, pamoja na misuli inayoamriwa nayo. Kwetu mashariki mashine zake ni chache, ndiyo maana mgonjwa mwenye uwezo huvuka mpaka mpaka Kigali au Kampala. Anarudi na karatasi iliyojaa tarakimu, na daktari aliyempima amebaki kule. Usiku anafungua simu, anatafuta neno moja moja, na usingizi unakimbia.

Kipimo kina sehemu mbili. Kwanza neva husisimuliwa kwa umeme mdogo juu ya ngozi, na mashine hupima kasi na ukubwa wa jibu lake. Kwa mtu mzima mwenye afya, kasi katika mkono kwa kawaida hufikia mita 50 kwa sekunde au zaidi, na katika mguu mita 40. Lakini ngozi yenye baridi hupunguza kasi hiyo, na vilevile umri na urefu wa mtu. Tarakimu iliyo chini kidogo si hukumu. Sehemu ya pili ni sindano nyembamba inayoingizwa ndani ya msuli ili kusoma umeme wake ukiwa umetulia na ukiwa umekazwa.

Maneno “si ya kawaida” hayataji ugonjwa. Mara nyingi huonyesha jambo linalotibika, kama neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, shida inayowapata wanaofanya kazi nzito ya mikono na akina mama wajawazito.

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni ule ulioelezwa na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot mwaka 1869, ambao madaktari wetu huuandika SLA. Unaua neva zinazoamuru misuli. Ni wa nadra, na alama yake kubwa ni udhaifu unaozidi: mtu anaangusha kikombe, anajikwaa, anashindwa kufunga vifungo. Msuli kuchezacheza peke yake huwapata watu wengi wenye afya, zaidi wakichoka au wakinywa kahawa nyingi. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa habari za watu 121 wenye misuli inayocheza bila ugonjwa mwingine, waliofuatiliwa miaka 2 hadi 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo.

Majibu mazuri nayo yana mpaka. EMG haioni neva nyembamba zinazobeba maumivu na joto. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa sukari au VVU ambaye nyayo zinamwaka moto usiku asiambiwe kwamba anajidanganya. Anayemeza isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu, akihisi ganzi miguuni, amwambie muuguzi mapema, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza vitamini B6 mwilini. Asiiache mwenyewe.

Mwenye hofu hujipima kutwa nzima: anabonyeza paja, anasimama kwa vidole vya miguu, anakaza ngumi mara ishirini. Jioni misuli inauma kweli, naye anaona ni ushahidi. Kipimo kipya humtuliza siku chache tu. Afadhali amwulize daktari, hata kwa simu: je, majibu haya yanapatana na ulichoona uliponipima kwa mikono yako? Yanabadilisha nini katika matibabu? Nirudi lini? Nasi wachungaji tusimwambie kwamba amekosa imani, wala tusimtafutie mchawi. Hofu yake nayo ni ugonjwa wa kutibiwa.

Lakini udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, shida ya kupumua au kumeza, au kushindwa ghafula kuzuia mkojo, hayo hayangoji. Mtu huyo apelekwe hospitali siku ileile, hata kama karatasi ya mwezi uliopita ilisema yuko sawa.