Bei ya Mafuta Isiyoandikwa Kwenye Risiti



Biharusi akiandika orodha ya vyombo vya nyumba yake huandika jiko, taa, feni, friji, kisha huuliza bei dukani. Wachache huuliza kila kimoja kitakula nini mwezi hadi mwezi, na wachache zaidi huuliza ni nani mwingine anayelipa huko kinakotoka hicho kinacholiwa. Leo nalileta swali hilo kwa historia ya Nachingwea, mji wa mkoani Lindi uliokua kwa sababu ya mafuta. Tena si petroli. Ni mafuta ya kupikia.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walikuwa wakila kwa mgao, na siagi na mafuta vilikuwa adimu. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa matrekta. Mwaka huohuo ujumbe wa John Wakefield ukaja kutazama ardhi, na hesabu ikatoka: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, kwa gharama ya kama pauni milioni 25. Mashamba 55, yaani zaidi ya nusu, yalipangiwa Jimbo la Kusini la Tanganyika, kwenye nchi ya Wamwera, na kitovu chake kikawa Nachingwea. Karatasini ilipendeza kweli.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita, mengine yametolewa mpaka Ufilipino, na vifaru navyo viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ikavunja majembe, udongo wa Kongwa ukakauka ukawa kama saruji, mvua zikakataa kufuata ratiba ya London. Nachingwea mvua zilikuwa afadhali, ila msitu ulikuwa mzito zaidi na bandari haikuwapo. Basi ikajengwa reli kutoka upande wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilikamilika mwaka 1954, wakati mradi wenyewe umeshakufa: serikali ya Uingereza iliuvunja Januari 1951 na kufuta deni la pauni milioni 36. Miaka ya 1960 reli nayo iling'olewa.

Tazameni jambo hili vizuri. Ili kupata mafuta ya karanga, walichoma dizeli iliyokuja kwa meli, mapipa kwa mapipa, kung'oa miti iliyokuwa ikiwapa watu kuni, asali na dawa. Pauni milioni 36 zilihesabiwa London. Ule msitu haumo ndani ya hesabu hiyo. Nasi katika dini tumefundishwa kuwa ardhi ni amana, na amana haifutwi kwa kalamu kama deni. (Leo Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ufuta, na ufuta ni mafuta. Wanaulima wakulima wadogo, wengi wao kwa jembe la mkono.)

Nyinyi wa visiwani mna darasa lenu. Unguja hupokea umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 ulikatika karibu mwezi mzima, kisha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikawa miezi mitatu. Mwenye jenereta alinunua petroli kila siku. Asiye nalo alirudi kwenye kandili na kibatari, na kwa kuwa pampu za maji zilisimama, wanawake walibeba ndoo. Ndoo ile haimo kwenye bei ya lita ya petroli. Pemba kabla ya kupata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010 walitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na dizeli ikichelewa, giza.

Halafu mafuta ya taa. Katika bajeti ya 2011/2012 ushuru wake ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Sababu ilikuwa uchakachuaji: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli kwa kuwa yalikuwa rahisi. Sababu ilieleweka. Lakini mama wa kijijini Nachingwea, ambaye hajawahi kumiliki hata gari, ndiye aliyelipia taa ya mtoto anayesoma usiku, na moshi wake akauvuta bure.

Jua je? Jenereta ni rahisi dukani na ghali nyumbani. Sola ni kinyume chake: unalipa nyingi siku ya kwanza, kisha jua halikudai kitu, ila betri itachoka baada ya miaka kadhaa na itabidi ununue nyingine. Mimi ni mshonaji, na ile petroli ya kumalizia gauni la harusi usiku wa umeme kukatika huila faida yote. Kwa hiyo naliunga mkono jua. Mahari ni haki ya mke na si lazima iwe kitanda au dhahabu, maadamu ni kitu chenye thamani mlichokubaliana. Wapo wanaotaja cherehani. Sioni kwa nini biharusi asitaje sola na betri yake.

Ila nisiwadanganye kwamba jua halina gharama. Betri za lithiamu zina kinywe ndani yake, na kinywe kimejaa Ruangwa, jirani zetu. Aprili 2023 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Australia kwa mradi wa Chilalo, wilayani Ruangwa, ambapo serikali inapata hisa za asilimia 16. Kilima cha Ntaka, Nachingwea, kina nikeli, nayo hutakiwa kwenye betri. Kwa mara nyingine watu wa mbali wana haja, na udongo ni wa Kusini. Tofauti na mwaka 1947, safari hii kuna sheria ya fidia na kuna hisa.

Fidia hulipwa mwenye shamba, na hapo ndipo nawageukia maharusi wa Ruangwa na Nachingwea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba jina la mume na la mke. Ukiolewa kwenye shamba, mwombe mume wako kwa adabu mwende pamoja ofisi ya kijiji muulize hati imeandikwa nani. Nendeni kabla wathamini hawajafika.

Wassalaamu alaykum.