Kutoka Waya hadi Beseni: Historia ya Sitiari ya Neva

Kikula, mojawapo ya sehemu nne za mji wa Likasi, imepakana na dunia ya shaba: huko Shituru madini hayo yamekuwa yakisafishwa kwa umeme tangu 1929. Mwalimu wa mahali hapo akitaka kueleza kazi ya neva, mfano wa waya ndio ulio karibu. Makala haya yanadai kuwa mfano huo una historia, na kwamba historia yenyewe imekwisha kuupinga.

Mnamo 1791 Luigi Galvani wa Bologna alieleza jinsi msuli wa chura unavyostuka kwa umeme. Telegrafu ilipoenea Ulaya katika karne ya 19, wanazuoni kama Emil du Bois-Reymond wa Berlin walizilinganisha neva na nyaya zake. Hata hivyo, mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa ishara katika neva ya chura, akapata takriban mita 27 kwa sekunde. Katika waya wa shaba ishara hukata maelfu ya kilomita kwa muda huohuo. Sitiari ikaanza kupata ufa.

Ufafanuzi ulikamilishwa na Alan Hodgkin na Andrew Huxley mwaka 1952, kwa kuchunguza neva nene ya ngisi. Ndani ya seli iliyotulia ni hasi kuliko nje, kwa kiasi cha milivolti 70 hivi. Ikisisimuliwa, vilango vya utando hufunguka, ayoni za sodiamu huingia, kisha za potasiamu hutoka. Badiliko hilo huamsha sehemu inayofuata. Ishara huzaliwa upya kila hatua, wala haififii. Ifikapo mwisho wa neva, kwa kawaida huvushwa na kemikali, jambo ambalo Otto Loewi alilithibitisha mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura.

Kumbe mfano bora u papo hapo Shituru, si katika waya bali katika beseni, ambamo ayoni za shaba husafiri ndani ya mmumunyo wa asidi. Tofauti ni kwamba beseni huletewa umeme kutoka nje, ilhali seli hujitengenezea tofauti yake kwa nishati ya chakula.

Suala hili si la maneno matupu. Sindano ya ganzi ya jino haikati kitu chochote. Huziba vilango vya sodiamu, na maumivu yakakoma. Mwanafunzi aliyefunzwa waya pekee hataelewa kwa nini. Istilahi zetu, ukiwamo “mshipa wa fahamu”, hazina budi kupimwa kwa kipimo hicho.